Msalaba wa Pwani na Groto ya Bikira Maria, Bagamoyo: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Misheni

Kama unatafuta sanamu ya kuinulia shingo mpaka kofia ianguke, Bagamoyo siyo. Yesu Mkombozi wa Rio de Janeiro, aliyekamilika mwaka 1931, ana urefu wa mita 30 bila kuhesabu jukwaa lake, na amewekwa juu ya mlima Corcovado ili mji mzima umwone. Kule Świebodzin, Poland, wakajenga wao wa mita 33 mwaka 2010, na wapita njia husimamisha gari kumpiga picha. Hapa kwetu kuna msalaba ufukweni na Bikira Maria ndani ya pango la mawe, yaani groto, na vyote viwili utavisogelea mpaka uvione vizuri kwa macho yako. Ukija na hamu ya ukubwa, dakika kumi zitakutosha na utaondoka unanung'unika. Ukija na nusu siku na viatu vya kutembelea, utapata mahali ambapo pana mambo mengi kuliko Bagamoyo yote iliyobaki.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Dar es Salaam, au anayepita akielekea Tanga, Moshi au Arusha, na anataka kusimama Misheni, kituo cha kale cha wamisionari Wakatoliki hapa Bagamoyo, kwa siku moja. Ni wa Wakatoliki wanaokuja kuhiji na wa wasio Wakatoliki wanaokuja kuona. Nimewaweka pamoja kwa sababu wanapishana kwenye njia moja, na usumbufu mwingi pale hutokea pale ambapo kundi moja halijui lingine limefuata nini.

Ushauri mmoja kabla ya yote: anzia baharini

Watalii wengi huingia Misheni kwa kinyumenyume. Gari linasimama karibu na makumbusho, watu wanashuka, wanapiga picha kwenye mnara, wanapita groto, halafu mtu anasema, "Kuna na msalaba kule chini pwani," na wanaangalia saa. Nusu yao hawafiki.

Fanya kinyume chake. Msalaba wa pwani unakumbusha mahali walipofikia mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwezi Machi 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakitokea Unguja. Kila kitu kingine utakachokiona siku hiyo kilianza na kutua huko. Ukianzia pale ukapanda taratibu kuelekea majengo, historia inakujia kwa mpangilio wake: kwanza ufuko, kisha barabara ya miembe, kisha mnara, kanisa, makaburi, na mwisho groto. Ukianzia juu, unapewa majibu kabla ya maswali.

Ipo na sababu ya kawaida kabisa: jua. Ufukweni hakuna kivuli cha maana, na saa sita mchana mchanga unachoma hata juu ya kandambili. Asubuhi panavumilika. Kwenye miembe na kwenye groto kuna kivuli, kwa hiyo hayo yanaweza kusubiri mchana.

Kuchagua siku na saa

Siku za katikati ya wiki, asubuhi, ndizo bora kwa anayetaka utulivu. Jumapili kuna Misa, na Misa si maonyesho. Ukitaka kuhudhuria, karibu sana, ila usiingie katikati ya mahubiri umeshika simu juu. Katika miezi ya shule, utakutana na mabasi ya wanafunzi kwenye makumbusho. Watoto wana kelele zao, lakini wanauliza maswali mazuri. Nilimsikia mmoja akimuuliza mwalimu wake, "Kwani Yesu alipita hapa Bagamoyo?" Mwalimu alikaa kimya kidogo, akasema, "Wafuasi wake, ndiyo." Sidhani kama kiongozi wa msafara angejibu vizuri zaidi.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inaweza kukuharibia siku nzima, na njia za mchanga zinageuka matope. Juni hadi Septemba kuna upepo wa kusini na hali ya hewa ni nzuri. Desemba na Januari kuna joto zito, kwa hiyo amka mapema.

Ulizia maji. Bagamoyo maji yakipwa, bahari inarudi nyuma mbali sana na kuacha uwanda wa mchanga na madimbwi, wavuvi wanatembea kwa miguu mpaka kwenye madau yao. Yakijaa, yanasogea karibu na nchi kavu. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini watu walishuka hapa majini wakabebwa au wakatembea hadi ufukweni, maji kupwa ni somo tosha. Kwa anayetaka picha yenye bahari ya buluu nyuma ya msalaba, maji yakiwa yamejaa ndiyo mazuri.

Na kuhusu picha: pwani hii inatazama mashariki. Asubuhi jua liko upande wa bahari, kwa hiyo ukipiga kuelekea majini msalaba utatoka kivuli cheusi, jambo ambalo wengine wanalipenda. Kuanzia saa nane mchana mwanga unatoka upande wa nchi kavu na msalaba unaonekana sura yake. Kama picha ndiyo kiini cha safari yako, anza asubuhi kama nilivyosema, halafu urudi pwani jioni kabla ya kuondoka.

Mwezi wa Ramadhani, kumbuka kwamba Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi. Migahawa mingi hufungwa mchana. Beba maji na chakula chako, na ule mahali pa faragha.

Mavazi na vya kubeba

Nguo ya kufunika mabega na magoti, kwa wote. Mwanamke aweke kanga au mtandio kwenye mkoba hata kama amevaa suruali: atajifunga akiingia kanisani, atajitanda jua likiwa kali, na ataitandika chini ya mwembe. Wanaume huvua kofia kanisani. Kwa ndugu Muislamu mwenye baragashia, asiyetaka kuivua, kaa nje barazani uangalie ndani kupitia mlangoni. Hakuna atakayekulazimisha, na hakuna atakayekuuliza dini yako.

Beba maji ya kutosha, fedha taslimu za noti ndogondogo (mtandao wa simu hukatika pale unapouhitaji), na mishumaa kama unakusudia kuwasha. Droni usiibebe bila kibali. Urushaji wake nchini una taratibu za mamlaka, na Misheni nayo lazima ikuruhusu.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 70. Magari ya Bagamoyo hupakia kituo cha Makumbusho cha Dar es Salaam, yanapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo. Ukiwa na gari binafsi, toka kabla ya saa moja asubuhi. Foleni ya kutoka mjini si kubwa kama ya kuingia, lakini ukishachelewa unakutana na malori na bodaboda za Bunju.

Anayetoka Tanga, Moshi au Arusha asiende hadi Chalinze. Shuka Msata, panda gari la Bagamoyo. Ni lami, kilomita 64, na inakuepusha na Kibaha yote. Kwa wanaosafiri na gari lao kati ya Dar na kaskazini, njia hii ndiyo inayofanya Misheni kuwa kituo cha kusimama njiani badala ya safari ya peke yake. Unakunja Msata, unakaa Bagamoyo saa tatu au nne, unaingia Dar kwa Tegeta.

Stendi ya Bagamoyo utapata bajaji na bodaboda. Sema tu "Misheni" au "kwa mapadre," wanapajua. Patana bei kabla hujapanda.

Mapokezi: usipite kimya kimya

Ingawa nimesema uanzie pwani, kwanza piga hodi. Nenda mapokezi au kwenye makumbusho, jitambulishe, lipa ada, dai stakabadhi, na uombe kiongozi wa kukutembeza. Acha mizigo mizito kama wanakubali. Kisha mwambie kiongozi, "Naomba tuanzie msalabani, tupande na barabara ya miembe." Wengine watashangaa kidogo kwa sababu wamezoea njia yao. Watakubali.

Kuna vijana wa mitaani watakaojitolea kukuongoza kabla hujafika hata getini. Baadhi wanajua mengi, wengine wanabuni papo kwa papo. Kipimo rahisi: muulize mnara ulijengwa lini, na ni nani waliombeba David Livingstone, daktari na mpelelezi wa Kiskoti. Akikwambia aliletwa akiwa hai, mshukuru na uendelee na safari yako.

Salamu nazo zina nafasi yake. Ukikutana na padre au mtawa, Mkatoliki atasema, "Tumsifu Yesu Kristu," na atajibiwa, "Milele, amina." Kama si salamu yako, "Shikamoo, baba padre" inatosha kabisa na inapokelewa vizuri.

Hatua kwa hatua, kutoka msalabani hadi groto

*Msalabani.* Simama umegeukia bahari kwanza. Ng'ambo, mbele yako, iko Unguja, na kwa miaka mingi ya karne ya 19 biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita katikati ya fuko hizi mbili. Misafara iliyotoka Ujiji na Tabora iliishia Bagamoyo. Wamisionari walianza kwa kuwanunua watoto katika soko la watumwa la Unguja na kuwaleta huku kuwalea na kuwafundisha kazi. Soko lile lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Kwa hiyo mapadre walitua hapa miaka kadhaa kabla ya soko kufungwa, wakati jahazi za watumwa bado zinapita. Mwombe kiongozi akueleze hilo pale pale, kabla ya kupiga picha. Ukishapiga picha akili inahama.

Mwaka 2018 Kanisa Katoliki Tanzania liliadhimisha hapa miaka 150 ya uinjilishaji, na mwaka 2025 Bagamoyo ikafanywa jimbo la Kanisa Katoliki. Kwa hiyo usishangae kuona misafara ya mahujaji ikiongezeka.

*Barabara ya miembe.* Kutoka pwani unapanda chini ya miembe ya zamani, ambayo kupandwa kwake kunahesabiwa tangu miaka ya mwanzo ya 1870. Baadhi ina mashina ambayo watu wawili hawawezi kuyakumbatia wakakutanisha mikono. Tembea polepole. Hapa ndipo ninapowaambia wageni wangu kuhusu kahawa, hasa wakiwa Wachaga. Mapadre hawa walileta miche kutoka kisiwa cha Réunion, wakaijaribu Bagamoyo, na wenzao walipofungua misheni ya Kilema huko Kilimanjaro miaka ya 1890 mmea ukapanda nao mlimani. Pwani haikuipenda kahawa. Mlima uliipenda. Mgeni wangu mmoja wa Marangu alikaa chini ya mwembe akacheka: "Kumbe karo yangu ya shule ilipitia hapa!"

*Mnara.* Huu ni sehemu iliyobaki ya kanisa la kwanza, la mwaka 1872. Aprili ya mwaka huo huo kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na pwani hii na kubomoa majengo ya Misheni, kwa hiyo ukiangalia kuta za mawe ya matumbawe na chokaa unaangalia kazi ya watu waliokuwa wanajenga huku wakizoa vifusi.

Jina lake ni Mnara wa Livingstone, na hapa kiongozi wako atachangamka. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiwamo Abdullah Susi na James Chuma, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, na kuubeba kwa miguu hadi pwani, mwendo wa karibu kilomita 1,600. Mwenzao Jacob Wainwright, aliyesoma India katika shule ya watumwa waliokombolewa, ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti. Walifika Bagamoyo Februari 1874, mwili ukalazwa Misheni, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Kama ningeulizwa, mnara ungeitwa wa Chuma na Susi. Livingstone alifika hapa akiwa amebebwa, na waliombeba walikuwa na kila sababu ya kumwacha porini wakajiendea zao. Miezi mingi njiani, wakipita vijiji ambavyo maiti ni mkosi, mpaka wakalazimika kuuficha mwili ufanane na mzigo wa nguo. Mwombe kiongozi akusimulie safari yao kwanza, ya daktari baadaye.

*Kanisa, nyumba ya mapadre na mbuyu.* Kanisa kubwa lililopo lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Ingia, kaa dakika chache, toka. Nyumba ya mapadre yenye ghorofa na matao utaiona kwa nje. Muda wako uupeleke kwenye mbuyu.

Husimuliwa kwamba Madame Chevalier, Mfaransa aliyekuwa amehudumia wagonjwa Unguja kabla ya kuhamia hapa, alikuwa akimfunga punda wake kwenye mbuyu huo kwa mnyororo. Mnyororo ukaachwa, mti ukaendelea kunenepa. Leo utaona kipande kifupi tu cha chuma kimejitokeza kwenye shina. Pete zilizobaki zimemezwa na mbuyu, na gome limejikunja kuzunguka chuma kama mdomo wa mtoto aliyekataa kutema kitu. Watu wengi huamini kuwa ni mnyororo wa watumwa, na wako wanaowaambia wageni hivyo kwa sababu inauza zaidi. Ni wa punda. Ya watumwa iko ndani ya makumbusho, na hiyo haihitaji kutiwa chumvi. Wazuie watoto wasiivute pete ile, maana kila mmoja anataka kuwa wa kuing'oa.

*Makumbusho.* Tenga saa nzima. Picha za zamani, pingu na minyororo, zana na nyaraka. Uliza kama kupiga picha kunaruhusiwa kabla ya kuwasha kamera. Anayependa historia ya vita asisahau kuuliza kuhusu 1888 na 1889, wakati Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alipopigana na Wajerumani katika pwani yote hii. Misheni ilipokea wakimbizi wengi, na ilikuwa na uhusiano wa kuheshimiana naye. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani walifanya Bagamoyo makao yao makuu mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam.

*Makaburi.* Watu huyapita haraka. Usiyapite. Soma miaka ya kuzaliwa na ya kufa kwenye misalaba ya wamisionari, ufanye hesabu mwenyewe. Wengi walikuwa vijana. Malaria na homa nyingine hazikuwapa nafasi.

*Groto.* Ifanye ya mwisho, ukiwa umechoka kidogo na umeacha kuongea. Groto za aina hii ni mfano wa pango la Lourdes, Ufaransa, ambako mwaka 1858 binti aitwaye Bernadette Soubirous alisema alitokewa na Bikira Maria. Wamisionari waliotoka Ufaransa waliieneza ibada hiyo kila walikokwenda. Hii ya Bagamoyo husimuliwa kuwa ilijengwa kwa mikono ya watu waliokombolewa utumwani, kwa mawe ya hapa hapa.

Sanamu ya Bikira Maria si kubwa, na huhitaji kurudi nyuma mbali ili iingie kwenye kamera. Sogea. Utaona nta ya mishumaa ya watu waliotangulia imemwagika juu ya jiwe, tabaka juu ya tabaka, na vipande vya utambi vyeusi vimenata humo. Hapo ndipo penye uzito wa mahali hapa kwa maoni yangu, maana kila tone ni la mtu aliyekuja na lake: mtoto mgonjwa, mtihani, ndoa, shukrani.

Kwa hiyo taratibu ni hizi. Mama akiwa amepiga magoti na rozari, usipite kati yake na sanamu, na usimpige picha, hata kwa nyuma, bila ruhusa. Mshumaa uwekwe panapowekwa mishumaa, usizime wa mwenzio ili upate nafasi. Upepo wa bahari huzima moto, kwa hiyo njoo na kiberiti cha ziada. Selfi piga ukiwa umerudi nyuma, na wakati hakuna anayesali. Asiye Mkatoliki hahitaji kupiga magoti wala kuwasha chochote. Akae pembeni, atulie. Na kama umeleta ombi lako hata hivyo, hakuna wa kukuuliza hati.

Ukija na kundi

Kwaya, jumuiya, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), au ukoo mzima ndani ya Coaster: hapa maandalizi ndiyo yanayoamua siku itakuwaje.

Wasiliana na parokia mapema, wiki kadhaa kabla kama mnataka Misa yenu au mnataka kulala. Makundi ya kanisa huja na barua ya paroko wao. Siku hiyo teueni msemaji mmoja wa kuzungumza na mapokezi, siyo wajumbe wanane kila mmoja na swali lake. Mchango ukusanywe na ufungwe kabla ya safari, maana hakuna kitu kinachoharibu hija kama kusimama getini mkidaiana elfu mbili mbili.

Wazee wapelekwe pwani kwa bajaji au kwa gari lenyewe. Kutoka msalabani kupanda kwa miguu kwenye mchanga ni mtihani kwa bibi mwenye magoti mabovu. Beba viti viwili vitatu vya plastiki. Mtaniombea.

Chakula mnaweza kubeba, ubwabwa kwenye hotipoti, lakini ulizeni mkae wapi na taka zenu mrudi nazo. Spika kubwa ziachwe ndani ya gari. Najua kwaya itabisha. Kwenye groto, sauti zenu bila mtambo zinasikika vizuri zaidi, na kundi jingine linalosali litawashukuru.

Gaweni kundi kama mmezidi ishirini: nusu waanze pwani, nusu makumbusho, mpishane kwenye miembe. Hiki ndicho kisa pekee ninachokubali mtu aanzie juu.

Ukibaki na muda

Kaole iko kilomita chache kusini mwa mji, na kama una saa mbili, nenda. Ni magofu ya mji wa Waswahili yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, karne kadhaa kabla ya padre yeyote kutia mguu hapa. Anayeona Misheni peke yake anaondoka akidhani dini Bagamoyo ilianza 1868.

Na mjini kwenyewe, uliza habari za Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Alizaliwa Umanyema, Kongo ya leo, akaletwa pwani mtoto mdogo akiwa mtumwa, akasoma, akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na Maulidi yake yakavuta watu kutoka kila upande mpaka baada ya kufariki kwake mwaka 1931. Njia ile ile ya misafara, mji ule ule, na utumwa ule ule uliowaleta watoto wa Misheni. Mimi huwasimulia wageni habari hizi mbili kwa pamoja. Hata wale wasiopenda historia huacha simu.

Chakula cha mchana nendeni soko la samaki, samaki wa kukaanga na pweza, mkiwahi kabla havijaisha. Dafu lipo kila kona. Wanaopenda ngoma na uchongaji wapite TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa.

Kurudi

Magari ya kurudi Dar, kituo cha Makumbusho, ni mengi mchana na yanapungua giza likiingia, hivyo muulize kondakta aliyekuleta la mwisho linaondoka saa ngapi. Kama ulitaka ile picha ya jioni msalabani, ipige kati ya saa kumi na saa kumi na moja, kisha uelekee stendi moja kwa moja. Jumapili toka mapema zaidi: kuanzia Bunju hadi Tegeta barabara yote huwa inarudi mjini na wewe. Wa Msata nao wasisubiri jioni, maana mabasi ya kaskazini hupita pale yakiwa yamejaa, na atakayekupa kiti saa moja usiku atakupa na bei yake.